Sauti za Majonzi: Waimbaji wa Dansi na Rekodi Zilizowafikisha Katoro

Bluzi ya soul ni muziki wa watu wazima. Ulikomaa kusini mwa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, pale waimbaji waliolelewa kwenye makanisa ya Wamarekani weusi walipoichukua bluzi ya zamani ya gitaa, wakaiongezea tarumbeta, kinanda na ule uimbaji wa mhubiri anayepandisha sauti hatua kwa hatua mpaka waumini waitikie. Bobby Bland, Little Milton, Johnnie Taylor, Denise LaSalle na Z.Z. Hill ni miongoni mwa majina makubwa ya muziki huo. Walichokiimba ni ndoa iliyoingia doa, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, mwenza anayerudi alfajiri, upweke wa ugenini. Mwaka 1982 kampuni ndogo ya Malaco ya mjini Jackson, Mississippi, ilitoa albamu ya Z.Z. Hill iitwayo Down Home. Ilinunuliwa kwa miezi mingi mfululizo, wakati wakubwa wa biashara ya muziki walikuwa wameshaihesabu bluzi kuwa muziki uliopitwa na wakati. Walioinunua walikuwa watu wa kazi za mikono, na waliendelea kununua rekodi za waimbaji hao hadi uzeeni.

Tanzania haikuwahi kuwa na muziki wenye jina hilo. Ilikuwa nao, na bado inao, muziki uliobeba mzigo uleule: dansi. Wanaolijua dansi kwa juu juu huliona kuwa muziki wa kumbi na bia, wa magitaa matatu na saksafoni, wa kucheza. Anayesikiliza maneno hukuta kitu kingine. Kukuta nyimbo za kuomba radhi, za kulalamikia mawifi, za kuzika rafiki, za kumsihi mke arudi na za mtu aliyetoka kwao akashindwa kurejea ni jambo la kawaida kabisa katika dansi la miaka ya 1960 hadi 1990, kiasi kwamba wimbo wa furaha tupu ndio wa kutafuta.

Katoro ni mahali pazuri pa kuutazamia muziki huo. Mji huu wa biashara katika Wilaya ya Geita, kwenye barabara itokayo Geita kuelekea Bwanga na Chato, umejaa watu waliotoka kwingine: Shinyanga, Tabora, Kigoma, Kagera, Mara, Mwanza. Wengine walifuata duka, wengine mashamba, wengi walifuata dhahabu. Mchimbaji mdogo hukaa miezi mingi mbali na nyumbani akisubiri duara, yaani shimo lake la dhahabu, litoe, na wakati mwingine halitoi. Kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, kwenye vilabu vya pombe, kwenye mabasi na kwenye vibanda vya kuingizia nyimbo, zile zinazoitwa zilipendwa bado zina wateja wake, na si wazee peke yao. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati mwimbaji Mbaraka Mwinshehe alipofariki wanazijua nyimbo zake kwa moyo.

Lakini wanachokijua ni sehemu tu ya kilichoimbwa. Sauti iliyodumu ni ile iliyopata bahati ya kurekodiwa mahali ambapo utepe wake ulitunzwa, au iliyochapwa kwenye santuri nyingi kiasi kwamba hata zikipotea mia, moja hubaki. Historia ya waimbaji wa majonzi wa Tanzania kwa hiyo haitenganishiki na historia ya rekodi zao: nani aliziandaa, wapi, kwa mtambo gani, na nani alilipwa.

Soul yenyewe ilipofika

Mwishoni mwa miaka ya 1960 soul ya Marekani iliingia Dar es Salaam kwa nguvu. James Brown, Otis Redding na Wilson Pickett walisikika kwenye klabu za mjini, na vikundi vya vijana, wengi wao wanafunzi, vikaanza kuwaiga kwa magitaa ya umeme. Kundi moja lilijiita Barkeys, jina linalofanana na lile la wapigaji waliokuwa nyuma ya Otis Redding; baadaye likawa Tanzanites. Mengine yalikuwa The Sparks na The Trippers.

Wakati ulikuwa mbaya kwa muziki huo. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeanzisha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul jijini. Hoja ilikuwa maadili na utamaduni wa taifa. Barua zilizoandikwa magazetini zilibishana: mmoja aliuona muziki huo ni uhuni wa kigeni, mwingine akauliza inakuwaje muziki wa watu weusi waliodhulumiwa Marekani uitwe wa kibeberu. Swali hilo la pili lilikuwa zito kuliko marufuku yenyewe, na halikupata jibu la kuridhisha.

Marufuku haikuiua soul. Iliisukuma iingie ndani ya Kiswahili. The Trippers, chini ya mpiga gitaa David Mussa, wakawa Safari Trippers na kuacha kuiga nyimbo za wageni. Patrick Balisidya, kijana wa Dodoma aliyekulia katika muziki wa kanisa, aliunda Afro 70, akauchanganya mpigo wa Kigogo na gitaa la umeme pamoja na uimbaji wa taratibu wa mtu anayejieleza. Mwaka 1977 bendi yake iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos. Sunburst, kundi la Watanzania na wenzao kutoka Kongo na kwingineko, lilikwenda mbali zaidi upande wa soul na funki. Albamu yao, Ave Africa, ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na kwa sababu hiyo Watanzania wengi hawakuwahi kuiona. Ilitolewa upya kwa ukamilifu na kampuni ya Strut ya Uingereza mwaka 2016, miaka 40 baadaye.

Upande wa kwanza na upande wa pili

Kabla ya soul kulikuwa na santuri. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Bendi iliyotaka kusikika nje ya ukumbi wake ilipanda basi kwenda Nairobi au Mombasa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro alirekodiwa na duka la Assanand la Mombasa, lililokuwa na chapa ya Mzuri, na santuri hizo ndizo zilizolihifadhi jina lake baada ya kufariki kwa ajali mwaka 1965, akiwa bado kijana. Western Jazz, bendi yenye uhusiano wa karibu zaidi na kanda ya Katoro, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega. Jina lake lilitokana na Jimbo la Magharibi, lililobeba Tabora na Kigoma pamoja na Kahama ambayo leo ni ya Shinyanga. Mtindo wao wa Saboso, na gitaa la Rashid Hanzuruni, ulisafiri hadi Nairobi kurekodiwa kisha ukarudi nyumbani kwa reli ileile iliyowapeleka vijana wa bara kutafuta kazi pwani.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilibeba takriban dakika tatu kila upande. Wimbo wa dansi ukumbini huchukua dakika kumi au zaidi. Suluhisho likawa kuukata vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma. Mkato huo uliathiri utunzi kuliko watu wengi wanavyodhani. Watunzi walijifunza kukimaliza kisa chote, mashtaka yote na maombi yote, ndani ya upande wa kwanza. Upande wa pili ukaachiwa magitaa yanayozidi kukaza kamba, kiitikio kinachorudiwa na saksafoni inayojibizana na mwimbaji, ndiyo chemko. Msikilizaji aliyekuwa na huzuni yake alisimama, akainua sindano, akaigeuza santuri, na majonzi yaleyale yakawa ya kuchezwa. Hata baada ya santuri kutoweka, nyimbo za dansi ziliendelea kutungwa hivyo, polepole kisha haraka.

Aliyeumudu mkato huo kuliko wote ni Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944 Mzenga, Kisarawe, akakulia upande wa Morogoro, na mwaka 1965 akajiunga na Morogoro Jazz. Alikuwa mpiga gitaa la solo kwanza, mwimbaji baadaye, na hilo linasikika: sauti yake haishindani na gitaa, inapeana nalo zamu. Si sauti ya kupaa. Ni ya mtu anayezungumza na jirani yake jioni, amechoka, anapima maneno. Mwaka 1970 bendi yake ilikwenda kwenye maonyesho makubwa ya Osaka, Japani. Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, alipouawa na mkulima siku ya Krismasi, Mbaraka alitunga wimbo wa kumlilia, na msiba ule wa kisiasa ukaingia kwenye masikio ya watu kwa njia ya gitaa.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Wimbo wake Shida, uliorekodiwa kwa ajili ya soko la Kenya, ni bluzi kwa kila kipimo isipokuwa jina. Unazungumzia dhiki bila kumlaumu mtu na bila kuahidi kwamba itakwisha, na mwendo wake wa taratibu haubadiliki ili kumfurahisha msikilizaji. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34. Kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya santuri zake katika mfululizo wa Ukumbusho, na kanda za mfululizo huo ndizo zilizofika kila kona ya Kanda ya Ziwa. Mtu akisikia Mbaraka leo Katoro, mara nyingi anasikia kilichotokana na kanda hizo, nakala ya nakala.

Studio ya taifa

Julai 1965 serikali iliichukua redio na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Kuanzia hapo RTD ikawa mtunzaji mkuu wa sauti za nchi. Bendi zilialikwa studio, zikapiga, utepe ukazunguka, na nyimbo zikarushwa hewani. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mwimbaji akikosea mstari, au mpiga tumba akipoteza mpigo, wimbo ulianza upya kwa wote. Hakukuwa na nafasi ya kurekebisha sauti ya mtu mmoja baadaye. Ndiyo sababu rekodi za RTD zina ukaribu usiopatikana kwenye kazi nyingi za sasa: pumzi ya mwimbaji inasikika kabla ya mstari, kiti kinasogea, na waitikiaji wanamkaribia au kumkimbia kiongozi wao kwa kadiri walivyosimama mbali na kipaza sauti.

Na zaidi ya yote, utepe haukuwa na upande wa kwanza na wa pili. Wimbo uliweza kuchukua dakika saba au nane bila kukatwa. Kisa kikapata nafasi ya kutembea.

Kwa msikilizaji wa Usukumani, redio ilikuwa kila kitu. Pesa ya pamba ilinunua baiskeli, bati na redio, nyingi zikiwa za National zilizounganishwa Dar es Salaam, zinazotumia betri za mawe. Santuri ilihitaji gramafoni na safari ya mjini. Redio ilihitaji betri tu. Wagonjwa waliolazwa hospitalini walitumiwa nyimbo kupitia kipindi cha Ugua Pole, na bendi zilisikika zikipiga kwenye Club Raha Leo Show. Mtu wa kijijini ambaye hakuwahi kuiona Dar es Salaam alizitambua sauti za waimbaji wake kama anavyozitambua sauti za shemeji zake.

Ubaya wa mpango huo ulikuwa mmoja na mkubwa. RTD haikuuza rekodi, na malipo kwa bendi yalikuwa madogo. Wimbo ulioweza kupigwa kila siku nchi nzima haukumwingizia mtunzi wake kitu cha maana. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kubaki umefungwa hadi 1983, njia ya Nairobi nayo ikawa nyembamba. Kisha ikaja kaseti. Katika miaka ya 1980 maduka ya mijini yalirekodi nyimbo kutoka redioni na kuziuza kwa kanda. Mwenye duka alipata, mwimbaji hakupata.

Marijani Rajab anaonyesha jambo hilo kwa uchungu. Alizaliwa mwaka 1955, akaingia Safari Trippers mwaka 1972 akiwa bado kijana mdogo, na sauti yake laini ikaifanya Georgina kuwa wimbo unaoombwa mpaka leo. Rosa Nenda Shule ni wimbo wa mwanamume anayemkatalia msichana mdogo mapenzi na kumrudisha darasani, jambo ambalo nyimbo chache za wakati huo zilithubutu kulisema waziwazi. Kuanzia mwaka 1977 akiwa na Dar International, mtindo wa Super Bomboka, aliimba Zuwena na Ukewenza. Walimwita Jabali la Muziki. Kipaji chake kilikuwa kusimulia: majina ya watu, mahali, nani alisema nini, mpaka msikilizaji ahisi anawafahamu wahusika. Miaka yake ya mwisho alikuwa anajikimu kwa kuuza kanda za muziki kwenye kibanda huko Kariakoo. Alifariki Machi 1995, akiwa na miaka 40 hivi.

Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka ndio wawili waliolifikisha dansi la majonzi kileleni. Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, alikuwa na NUTA Jazz tangu kuanzishwa kwake mwaka 1964, bendi ya jumuiya ya wafanyakazi iliyobadilika kuwa Juwata, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Gurumo na Bitchuka walikuwa pamoja katika kuanzisha Mlimani Park Orchestra. Sauti ya Gurumo ni nzito, yenye mkwaruzo, ya mzee wa mtaa anayetoa hukumu. Ya Bitchuka iko juu, nyembamba, inatetemeka kidogo mwishoni mwa mstari, na inapoingia baada ya Gurumo wimbo hubadilika rangi. Mwalimu wa muziki katika Mlimani Park, Michael Enoch, aliyewahi kuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, aliwapangia tarumbeta zinazosubiri. Hapo ndipo ulinganisho na Bobby Bland unapokuwa wa haki kabisa: tarumbeta hazijazi nafasi, zinaiacha sauti iseme kisha zinathibitisha.

Ndani ya bendi hiyo Cosmas Chidumule aliimba Neema, wimbo wa mapenzi unaosikika kama sala. Baadaye aliacha kumbi akawa mwimbaji wa Injili. Marekani safari ya waimbaji wa soul ilianzia kanisani kwenda ukumbini. Kwa Chidumule ilikwenda kinyume, na sauti ikabaki ileile. Katika nyimbo za Mlimani Park, ile ya Barua Toka kwa Mama huwagusa zaidi walio mbali na nyumbani, na kwenye machimbo wako wengi wa namna hiyo.

Wanawake walikuwa wachache mbele ya vipaza sauti vya dansi. Taarabu ilikuwa imewapa nafasi zamani: Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928, kabla bendi nyingi za wanaume hazijazaliwa. Dansi lilichelewa. Kida Waziri wa Vijana Jazz ni miongoni mwa waliovunja mlango, akiimba na Hemed Maneti nyimbo kama Shingo Feni, na katika majibizano yao mwanamke hakuwa tena jina linalolalamikiwa. Alikuwa na maneno yake.

Watanzania waliohamia Kenya walirekodi zaidi na kutunzwa zaidi. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliotokea Tanga, walijenga Simba Wanyika, na katika mgawanyiko wa bendi hiyo ikazaliwa Les Wanyika mwaka 1978. Sina Makosa, wimbo wa mtu anayetuhumiwa kuingilia penzi la mwenzake na kukana, ulichapwa Nairobi na kuuzwa Afrika Mashariki yote. Gitaa la ridhimu la Omar Shabani linakwenda kwa utulivu uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na utulivu huo ndio unaomfanya msikilizaji ajiulize kama kweli anayekana hana kosa.

Sauti ya mnyonge

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, na kubaki yatima akiwa mdogo. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, na akaiweka kwenye ramani ya majonzi kwa Siku ya Kufa, wimbo wa kumlilia rafiki. Baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Hakuna mwimbaji wa dansi aliyezungumza na maskini kwa maskini kama yeye. Aliimba kifo, utasa, njaa, ubaguzi wa sura, na alijiita mwenyewe sura mbaya bila haya.

Sauti yake haikuwa nzuri kwa kipimo cha Bitchuka. Ilikuwa na kokoto, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kongo. Lakini alijua kukatisha wimbo, akazungumza, akauliza swali, akaliacha lining'inie, kisha magitaa yakaingia tena. Anayewafahamu wahubiri atautambua ufundi huo mara moja, na anayewafahamu waimbaji wa bluzi ya soul pia.

Rafiki mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao alibeba kanda ya Remmy na kuwafikishia waandaaji wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 Super Matimila wakaalikwa Ulaya. Songs for the Poor Man ilitoka mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992, zote zikitolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel yenye studio katika kijiji cha Box, Uingereza. Sauti kwenye albamu hizo ni safi, kila chombo mahali pake. Walioiona bendi hiyo ukumbini na waliozisikia kanda za awali hupenda zaidi zile za nyumbani, zenye mvumo na makelele ya watu. Na wana hoja, kwa sababu Remmy bila watu wa kumjibu ni nusu ya Remmy. Hata hivyo albamu za Uingereza ndizo zinazopatikana kwa urahisi kila mahali duniani leo, na zile kanda zinazidi kuadimika.

Mambo kwa Soksi, wimbo wake wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati Ukimwi ulipoanza kuvuna watu, haukukubaliwa redioni. Ulienea kwa kumbi na kwa kanda. Kwa miji ya njia kuu na ya machimbo, ambako ugonjwa huo uliacha nyumba nyingi bila wazazi, hakuna rekodi ya zama hizo iliyokuwa na maana ya moja kwa moja zaidi. Remmy naye alimalizia kwa muziki wa Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, na kituo cha Sinza kwa Remmy bado kinaitwa kwa jina lake.

Upande wa Kisukuma

Katoro haikusubiri dansi kutoka pwani ili kujua kuimba majonzi. Wasukuma wa kanda hii wana utamaduni mrefu wa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma anayeimba mbele ya umati katika mashindano ya Bagalu na Bagika. Nyimbo za kulima, za wapagazi, za wawindaji na za wacheza nyoka zilibeba malalamiko, sifa na habari za misiba. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika na mtambo wake mwaka 1950, alirekodi waimbaji wa sehemu mbalimbali za nchi, na mkusanyiko wake unatunzwa Afrika Kusini. Kituo cha makumbusho cha Bujora, Kisesa, kilichojengwa na Padri David Clement, kimetunza vyombo na kumbukumbu za ngoma. Frank Gunderson alikusanya na kufafanua nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kikubwa kilichochapishwa mwaka 2010. Ni yeye pia aliyeandika kitabu kuhusu Gurumo na Bitchuka, na si ajabu, maana kazi hizo mbili zinahusu jambo moja.

Siku hizi waimbaji wa Kisukuma kama Bhudagala hurekodi kwa kinanda cha kompyuta, na nyimbo zao huuzwa bega kwa bega na zilipendwa kwenye vibanda vilevile. Mpigo ni wa haraka zaidi, lakini manju anayetaja majina ya watu, vijiji na madeni yupo bado.

Nyimbo leo

Katoro nyimbo huhamishwa kwa memori kadi. Mteja anampa kijana wa kibandani kadi au flashi, anasema anataka zilipendwa, au Marijani, au za mwendo wa taratibu, na baada ya dakika chache mamia ya nyimbo yameingia. Bei ni ya mfukoni. Hasara yake ni majina. Wimbo wa Western Jazz huandikwa kuwa wa Mbaraka, wa Juwata huandikwa kuwa wa Mlimani Park, na nyingi hazina jina kabisa, zina namba tu. Mpiga gitaa wa wimbo, mtunzi wake na mwaka wake vinakuwa vimefutika, wakati sauti yenyewe inaendelea kuwaliza watu. Kwa muziki unaomtegemea mtu fulani kusimulia kisa chake, huku ni kupoteza nusu ya rekodi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chombo kilichoundwa kuisimamia, COSOTA, vilikuja baada ya wengi wa wahusika kufa au kuzeeka. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya takriban nusu karne ya kuimba, hakuwa na usafiri wake mwenyewe. Kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, ndiye aliyempa gari. Gurumo alifariki Aprili 2014.

Tepu za RTD ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Baadhi zimehamishiwa kwenye kompyuta, na Tanzania Heritage Project, mradi ulioanzishwa na vijana wa Kitanzania na wa nje, ulijitokeza kuhimiza kazi hiyo kabla tepu hazijaharibika. Mwanamuziki John Kitime wa Kilimanjaro Band ameandika kwa miaka mingi kuhusu bendi hizo, akirudisha majina ya wapigaji mahali pao. Kwa anayetaka kusikiliza kwa utaratibu, mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Buda ya Ufaransa una juzuu ya tatu ya miaka ya 1960 iliyotoka mwaka 2007, yenye NUTA, Western na Atomic Jazz, na juzuu ya tano iliyotoka mwaka 2009 kwa bendi za baadaye. Albamu ya Mlimani Park iitwayo Sikinde, iliyotolewa na Africassette mwaka 1994, ina rekodi za RTD zilizohamishwa kwa uangalifu.